Kabla Hujasoma Mstari: daftari la katekista muuza mbegu wa Makambako

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni katekista wa kigango kimoja nje kidogo ya Makambako. Mchana nauza pembejeo: mbegu, mbolea ya kupandia na ya kukuzia, dawa za wadudu na mabomba ya kupulizia. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi niko jumuiyani. Haya ninayoandika nayatoa kwenye daftari ninalofundishia viongozi wapya wa Jumuiya Ndogo Ndogo, yaani vikundi vya waamini majirani wanaosali pamoja, na lilianzia msibani.

Ilikuwa usiku wa kukesha, mwezi wa saba, na upepo wa huku kwetu mnaujua. Wanaume tumezunguka moto. Shemeji wa marehemu, muumini wa kanisa jingine, akaniuliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, ninyi mnawaombea marehemu. Imeandikwa wapi?" Nikajibu upesi: "Wamakabayo wa Pili, sura ya 12." Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa Biblia ndogo, akapekua kwenda na kurudi, kisha akanikabidhi. "Nionyeshe, baba." Hamna Wamakabayo. Nikasema, "Biblia yako imepunguzwa." Akasema, "Au yenu imeongezwa." Watu wakacheka, nami nikainuka kwenda kuongeza kuni ambazo moto haukuzihitaji.

Kitabu nilikuwa nakijua, hata sura. Nilichokosa ni maneno ya kueleza kwa nini kwangu kimo na kwake hakimo. Wengi wetu ndivyo tulivyo. Tunasali vizuri na kuimba vizuri, lakini tukiulizwa swali dogo la Maandiko tunajibu kwa sauti kubwa badala ya maelezo.

Fungua ukurasa wa yaliyomo, uhesabu

Usianze na Mwanzo 1. Anza na orodha ya vitabu. Shika kalamu ya risasi, hesabu kitabu kimoja kimoja. Biblia kamili ya Kikatoliki ina vitabu 73: 46 vya Agano la Kale na 27 vya Agano Jipya. Ukipata 66, unayo ile yenye 39 vya Kale. Agano Jipya ni lilelile kwa wote, halina ugomvi.

Saba vinavyoleta tofauti ni Tobiti, Yudithi, Hekima ya Sulemani, Yoshua bin Sira, Baruku, na Wamakabayo wa Kwanza na wa Pili. Kuna pia sehemu za Esta na za Danieli ambazo kwingine hutazikuta. Habari ya Susana, kwa mfano, kwetu ni Danieli sura ya 13. Matoleo mengine huvipanga vitabu hivi mahali pake katika Agano la Kale, mengine huviweka pamoja katikati ya Maagano mawili. Kwa hiyo usiseme hakuna kabla hujapekua. Na unaponunua, usimuulize muuzaji "hii ni ya Kikatoliki?" kwa sababu atakuambia ndiyo. Tazama mwenyewe kama Tobiti yumo, na kurasa za mwanzo tafuta neno Imprimatur, yaani idhini ya askofu ya kuchapa.

Sasa maneno. Kanoni ni neno la Kigiriki lenye asili ya tete au mwanzi wa kupimia. (Ukisema mwanzi Iringa watu huwaza ulanzi, pombe ya mwanzi, nimeshapoteza darasa zima hapo.) Kwetu ni orodha rasmi ya vitabu ambavyo Kanisa linavipokea kuwa Neno la Mungu. Deuterokanoni ni jina la vile saba, na maana yake ni "kanoni ya pili". Upili huo ni wa kuchelewa kukubalika kila mahali kwa sababu ya mjadala, si wa kuwa chini kwa daraja. Apokrifa ndilo neno linalotugombanisha bure. Ndugu zetu Waprotestanti huviita hivyo vitabu vile saba. Mkatoliki akisema apokrifa anamaanisha kingine kabisa, kama ile inayoitwa Injili ya Tomaso, ambayo haimo katika kanoni ya kwao wala ya kwetu. Mkibishana juu ya apokrifa, ulizaneni kwanza mnazungumzia vitabu gani. Nusu ya ubishi itakufa hapo.

Historia yake, kwa ufupi ninaoutumia darasani: karne tatu hivi kabla ya Kristo, Wayahudi wengi walikuwa wanaishi Aleksandria, Misri, na lugha yao ya kila siku ilikuwa Kigiriki. Maandiko yakaanza kutafsiriwa kwa Kigiriki, na tafsiri ile ikaitwa Septuaginta, yaani sabini, kwa sababu ya simulizi la wazee sabini na wawili waliosemekana kuifanya. Ukiona vitabu vimeandika LXX, ni hiyo. Wakristo wa kwanza walioongea Kigiriki waliitumia hiyo, na vile saba vilikuwamo. Marabi wa Kiyahudi wao walikuja kushika orodha fupi zaidi.

Mitaguso, yaani mikutano ya maaskofu, ya Hippo mwaka 393 na ya Kartago mwaka 397 ilitaja orodha yenye vile saba. Hippo iko katika Algeria ya leo, Kartago katika Tunisia. Mimi hupenda kusimama hapo kidogo: maaskofu wa Afrika waliiandika orodha hii zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Martin Luther. Katika Biblia yake ya Kijerumani ya mwaka 1534, Luther aliviweka vitabu hivyo kando, katikati ya Maagano. Mtaguso wa Trento ukaithibitisha orodha yetu rasmi tarehe 8 Aprili 1546.

Lakini uwe mkweli. Hata Mtakatifu Hieronimo, aliyetafsiri Vulgata, Biblia ya Kilatini, alikuwa na mashaka na vitabu hivi kwa kuwa alipendelea vile vya Kiebrania. Mwenyewe anasema Tobiti aliitafsiri kwa siku moja tu. Kanisa halikumfuata katika mashaka yake, na bado tunamwita Mwalimu wa Kanisa. Ukiwaambia watu jambo hili wewe mwenyewe, hawatalisikia kwa wengine likawatikisa.

Yule shemeji ningemjibu nini leo? Nisingetaja kupunguzwa wala kuongezwa. Ningemwomba Biblia yake ileile ndogo, nifungue Yohane 10:22. Yesu yuko hekaluni Yerusalemu, ni Sikukuu ya Kutabaruku, na Yohane anaongeza kwamba ulikuwa wakati wa baridi. (Mtu wa Makambako hawezi kuupita mstari huo bila kuvuta koti.) Sikukuu hiyo ilitoka wapi? Katika Torati hutaikuta. Asili yake iko katika 1 Wamakabayo 4: mfalme Antioko wa Nne alilinajisi hekalu, Yuda Makabayo na ndugu zake wakalitakasa na kulitabaruku upya mwaka 164 kabla ya Kristo. Biblia yake inaitaja sikukuu, yangu inaeleza ilivyoanza. Ndipo tungekwenda pamoja 2 Wamakabayo 12:43, Yuda anapokusanya kama drakma elfu mbili za fedha na kuzipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi za askari waliokufa. Akubali asikubali, tungekuwa tumeongea kama watu wawili waliokaa moto mmoja.

Maneno manne ya kushika kabla ya yote

*Ufunuo.* Hapa Kiswahili kinatutega. Kuna Ufunuo, kitabu cha mwisho cha Biblia, na kuna ufunuo, tendo la Mungu la kujionyesha kwa watu. Padre akisema altareni "Ufunuo umekamilika katika Kristo", hazungumzii mnyama mwenye vichwa saba. Nimeulizwa hilo.

*Uvuvio.* Mungu ndiye mtunzi wa Maandiko, na watu walioandika nao ni watunzi wa kweli, wenye akili zao, lugha zao na mazoea yao. Hawakuwa makarani wa kuandika imla. Ndiyo maana Kigiriki cha Luka kimenyooka kuliko cha Marko, na Paulo anaweza kuanza sentensi akasahau kuimaliza.

*Mapokeo.* Si desturi za wazee wala mila za parokia. Ni imani yenyewe jinsi ilivyopokezanwa tangu Mitume kwa mahubiri, kwa ibada na kwa maisha. Kumbuka kwamba yalitangulia maandishi. Barua ya Kwanza kwa Wathesalonike, ambayo wengi huiona ya zamani kuliko vitabu vyote vya Agano Jipya, ni ya mwaka 50 hivi. Injili ya Marko huwekwa karibu na mwaka 70. Ina maana Wakristo waliumega mkate miaka mingi bila Injili hata moja iliyoandikwa. Na ina maana pia kwamba barua za Paulo, unazozikuta nyuma ya Injili, nyingi zilitangulia kuandikwa. Biblia haikupangwa kwa umri.

*Majisterio.* Ni mamlaka ya kufundisha, yaani Papa na maaskofu walio katika umoja naye. Makatekista tumezoea kusema Maandiko, Mapokeo na Majisterio ni mafiga matatu ya chungu kimoja. Mfano huo una nafuu yake, kwani hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano iitwayo Dei Verbum, ya tarehe 18 Novemba 1965, namba 10, inasema kweli kwamba vitatu hivyo havisimami kimoja bila vingine. Ila mafiga yana urefu sawa, na namba hiyohiyo inasema Majisterio haiko juu ya Neno la Mungu bali inalitumikia. Sema vyote viwili, usiseme cha kwanza tu.

Hati hiyo haina kurasa nyingi. Ina namba 26. Kama huna muda, soma 10, 11 na 12. Namba 12 ndiyo iliyobadilisha usomaji wangu.

Hii ni karatasi ya namna gani?

Juu ya kaunta yangu kuna daftari la madeni. Pembeni kuna karatasi ya maelekezo ya dawa ya viwavijeshi: changanya kiasi gani kwa bomba la lita 15, subiri siku ngapi kabla ya kuvuna. Ukutani kuna kalenda ya parokia. Katika simu kuna ujumbe wa mteja anayesema "boss mvua imeniua". Na mke wangu akija saa sita na chakula, amevaa kanga yenye jina.

Ninavisoma vyote hivyo kwa siku moja bila kukosea. Yule wa "mvua imeniua" simpelekei rambirambi. Kijikaratasi cha dawa sikisomi kama shairi, kwa sababu nyanya za mtu zitaungua. Na ukiisoma kanga ya mke wangu kana kwamba ni daftari la madeni, utanifikisha baraza la kata.

Hiyo ndiyo aina ya uandishi, na Dei Verbum namba 12 inasema usipoitambua hutajua mwandishi alikusudia nini. Ndani ya Biblia zimo sheria, nasaba, nyimbo za mapenzi, maombolezo, methali, barua, hotuba za manabii, mifano na maono. Yona anakaa siku tatu tumboni mwa samaki. Kabla ya kubishana juu ya koo la samaki, uliza hadithi hii inafundisha nini kuhusu nabii mkaidi na Mungu anayewahurumia hata Waninawi. Zaburi ikisema mito na ipige makofi, hakuna anayeuliza mikono iko wapi. Tunajua kusoma mashairi, ila tukifika Ufunuo wa Yohane ujuzi huo tunauacha mlangoni.

Papa Pius wa Kumi na Mbili aliwahimiza wataalamu wafanye kazi hii mwaka 1943, katika waraka Divino Afflante Spiritu. Kwa hiyo paroko akiwaambia sura za kwanza za Mwanzo si ripoti ya maabara, hajaanza dini mpya.

Mpanzi, kwa macho ya muuza mbegu

Niwaonyeshe kazi yenyewe kwa kifungu kimoja, Marko 4:3-9. Nilikifundisha miaka mingi kabla sijakiona.

Mara ya kwanza niliyokisoma polepole jumuiyani, mzee mmoja mkulima wa viazi na mahindi alitikisa kichwa. "Mwalimu, huyu mpanzi ni mzembe. Mbegu ya chotara kwa bei ya sasa unaimwaga njiani?" Sisi huku tunapanda kwa kamba, sentimita 75 mstari hadi mstari, shimo kwa shimo. Nikamwambia afikirie ulezi, jinsi bibi zetu walivyokuwa wakiurusha kwa mkono. Akanyamaza, akaelewa. Huko Galilaya ngano na shayiri zilirushwa, na ukirusha, nyingine huangukia kwenye kinjia cha watu wanaokatiza shambani. Hiyo inaitwa mazingira ya kihistoria: kuiona picha aliyoiona msikilizaji wa kwanza, kabla ya kubandika ya kwako.

Kikafuata kikwazo cha pili, na ndicho kilichonishika. Yesu anamaliza kwa mavuno: thelathini, sitini, mia. Yule mzee akasema, "Hayo ni mavuno?" Punje moja ya mahindi ikitoa hindi moja lililoshiba, una punje mia kadhaa mkononi. Kwa mkulima wa Makambako, thelathini kwa moja ni mwaka wa njaa. Jumuiya nzima ikanitazama.

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani, nikafuata vile vinamba vidogo vya pembeni ya mstari, vinavyoitwa marejeo, vinavyokuelekeza kwenye kifungu kingine. Nikafika Mwanzo 26:12: Isaka alipanda katika nchi ile, akavuna mwaka uleule mara mia, na Bwana akambariki. Na ulikuwa wakati wa njaa. Soma mstari wa kwanza wa sura hiyo. Mia kwa Isaka ni alama ya baraka, habari ya kusimuliwa vizazi na vizazi. Mahindi asili yake ni bara la Amerika. Yesu hakuwahi kuyaona. Kwa wapanda ngano waliokaa ufukweni mwa ziwa, ile "mia" iliwafungua midomo. Mfano wenyewe uko hapo mwishoni: hasara tatu mfululizo, njia, mwamba, miiba, kisha mavuno yanayofuta hasara zote. Mimi nilikuwa nautumia kuwakemea watu wenye moyo wa miiba, hasa wasiolipa zaka. Kemeo limo, ila Yesu hakumalizia hapo.

Kisha linganisha. Mathayo, Marko na Luka huitwa Injili ndugu, au Sinoptiki, kwa sababu zinaweza kutazamwa pamoja, bega kwa bega. Mfano huu uko Mathayo 13 na Luka 8 pia. Marko anapanda: thelathini, sitini, mia. Mathayo anashuka: mia, sitini, thelathini. Luka anataja mia tu, basi. Usikimbilie kusema Biblia inajipinga. Dei Verbum namba 19 inaeleza hatua tatu: Yesu alitenda na kufundisha; Mitume wakahubiri; wainjili wakaandika, wakichagua na kupanga kwa mahitaji ya makanisa yao. Tofauti ndogo kama hizo ni alama za vidole vya mwandishi. Waulize wanajumuiya kwa nini wanadhani Luka aliacha mia peke yake. Hilo swali halijawahi kunichosha.

Mwisho angalia Kanisa linakisoma na nini. Dominika ya 15 ya Mwaka A (mwaka wa Mathayo, nitaeleza mbele), katikati ya Julai, mfano huu ukisomwa kwa Mathayo, somo la kwanza ni Isaya 55:10-11: mvua na theluji hushuka, hainyeshi bure, humpa mpanzi mbegu na mlaji mkate, ndivyo lilivyo Neno langu. Aliyeyapanga masomo hayo mawili pamoja amekwisha kukupa nusu ya ufafanuzi, bure. Kusoma kifungu ndani ya Biblia nzima, ndani ya Mapokeo, na kwa ulinganifu wa imani, yaani kweli moja isiigonge nyingine, ndizo kanuni tatu zilizo kwenye namba 12. Mambo hayohayo yako katika Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 112 hadi 114.

Maana moja, kisha nyingine

Katekisimu, namba 115 hadi 118, inafundisha maana mbili: maana halisi ya maneno, na maana ya kiroho. Ya kiroho ina matawi matatu. Chukua Bahari ya Shamu. Maana halisi: Waisraeli wanaokolewa mikononi mwa Farao. Ya kiistiari, inayomtazama Kristo: ushindi wake, na Ubatizo, kama Paulo anavyosema katika 1 Wakorintho 10. Ya kimaadili: basi nami niache utumwa niliotoka. Ya mambo ya mwisho: safari yetu kuvuka kwenda nchi ya kweli.

Sheria ni kwamba matawi yote hukaa juu ya shina la maana halisi. Nimesikia mtu akieleza kwa nusu saa maana ya kiroho ya vitunguu vya Misri. Kwanza tujue Waisraeli walikuwa wamechoka kula mana.

Vya haraka haraka

Mk 4:3-9 maana yake ni Marko, sura ya 4, mstari wa 3 hadi wa 9. Vifupisho vya kwetu: Mwa, Kut, Zab, YbS kwa Yoshua bin Sira, Tob, Hek, Mt, Lk, Yn, Mdo. Sura na mistari havikuandikwa na manabii. Mgawanyo wa sura unahusishwa na Stefano Langton, askofu mkuu wa Canterbury katika karne ya 13. Mistari ya Agano Jipya tunayoitumia ilitokana na mchapishaji Robert Estienne, mwaka 1551. Wakati mwingine walikata vibaya: siku ya saba ya uumbaji imeangukia sura ya 2, ikatengwa na wenzake sita. Soma kabla na baada ya kikato.

Ukiona Zab 23 (22), usifute. Ni zaburi ileile ya mchungaji. Kiebrania kinaihesabu 23, Septuaginta na Vulgata 22. Kuanzia ya 10 hadi ya 147 namba nyingi hupishana kwa moja.

Masomo ya Dominika yana mzunguko wa miaka mitatu: A ni Mathayo, B ni Marko, C ni Luka. Yohane husomwa sana Pasaka na sehemu ya Kwaresima, na huingia pia Mwaka B kwa sababu Marko ni mfupi. Kujua mwaka: jumlisha tarakimu zake, ugawe kwa 3. 2025 inatoa 9, haina baki, ni C. Baki 1 ni A, baki 2 ni B. Ila kumbuka mwaka wa Kanisa huanza Dominika ya kwanza ya Majilio, kipindi cha kungoja Noeli, kwa hiyo Desemba tayari ni ya mwaka unaofuata. Masomo ya Injili za siku za juma hurudi kila mwaka. Somo la kwanza, katika kipindi cha kawaida, hupishana, mwaka witiri ni I na mwaka shufwa ni II.

Jumamosi inavyokwenda

Maneno yote haya ni ya kuandaa shamba. Jumuiyani hatufanyi mtihani. Tunafuata Lectio Divina, usomaji wa Kimungu: kusoma, kutafakari, kusali, taamuli (kutulia kimya mbele ya Mungu), na Papa Benedikto wa Kumi na Sita katika Verbum Domini, mwaka 2010, namba 87, akakumbusha kwamba haijakamilika mpaka ifike kwenye kutenda. Wengine hutumia Hatua Saba zilizotoka taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Zote ni nzuri.

Kwangu utaratibu ni huu. Kifungu kinasomwa mara mbili na watu wawili tofauti, mara ya pili na mama, kwa kuwa akina baba wetu husoma kama wanaita mnada. Kimya, hata kama jogoo wa jirani hataki. Kisha swali la kwanza kutoka kwangu ni lilelile kila wiki: hii ni karatasi ya namna gani? Mtoto wa Komunyo ya Kwanza anaweza kulijibu. La pili: nani anasema, kwa nani, wapi? La tatu ndipo "kimenigusa nini". Tulikuwa tunaanza na la tatu, na kila wiki kifungu chochote kilikuwa kinamhusu jirani ambaye hakuja.

Kosa langu kubwa la uongozi lilikuwa kujibu kila kitu. Siku hizi nina ukurasa wa nyuma wa daftari wa maswali niliyoshindwa. Paroko akija kigangoni nampa. Mara nyingine naye anaondoka nayo.

Juma lijalo tunaanza Tobiti. Sura 14 tu, na ni hadithi tamu: baba kipofu, kijana anayesafiri kudai fedha, binti ambaye waume saba wamekufa, malaika asiyejitambulisha, na mbwa anayewafuata njia nzima bila mtu kueleza wamemtoa wapi. Mapangoni Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, vimepatikana vipande vya kitabu hiki kwa Kiaramu na Kiebrania, nitaeleza Jumamosi. Kazi ya nyumbani ni sura ya 1 hadi ya 3, na uandike unadhani hii ni karatasi ya namna gani. Asiye na Biblia yenye Tobiti akae na mwenye nayo. Yule shemeji wa msibani nimempigia simu, kasema atakuja, lakini atakuja na ile yake ndogo. Nimemwambia aje nayo, na mke wangu atapika chai ya tangawizi.